Mchochota sugu na mwili wa mtu wa Ihanja

Ujumbe unaozunguka kwenye simu siku hizi unasema karibu kila ugonjwa una mzizi mmoja: mchochota wa ndani kwa ndani, usioonekana na usiouma, unaotafuna mishipa ya damu, viungo, ini na hata ubongo. Ukishamtisha msomaji, unampa tiba: manjano na pilipili manga kila asubuhi, kopo la vidonge vya mafuta ya samaki, matunda ambayo hayajawahi kuota Afrika Mashariki, na onyo la kuacha kabisa mafuta ya mbegu. Unafika hata katika kata ya Ihanja, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ambako alizeti ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Nusu ya kwanza ya ujumbe huo ina ukweli mwingi. Nusu ya pili iliandikiwa mwili mwingine, mwili wa mtu anayekaa kitini mchana kutwa katika mji wenye maji safi ya bomba, asiyepikia kuni, ambaye maambukizi yake ya utotoni yalitibiwa mapema. Mwili wa mtu wa Ihanja unachokozwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, upande wa zamani na upande mpya. Hoja ya makala haya ni kwamba mchochota sugu hupungua pale kinachouchochea kinapoondolewa, na kwamba vichocheo hivyo hutofautiana sana kati ya mahali na mahali. Orodha iliyotungwa California haiwezi kuhamishiwa Singida kama ilivyo.

Mchochota wenyewe si ugonjwa. Mtu akichomwa na mwiba shambani, kidole huwa chekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mrumi Aulus Cornelius Celsus karibu miaka 2,000 iliyopita. Kinachotokea ni kwamba mishipa midogo ya damu hupanuka na kuacha chembe nyeupe zipite kwenda kupambana na wavamizi. Chembe hizo hutoa kemikali za kuitana, kama interlukini-6 na ile iitwayo TNF, na ini likipata taarifa hutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo William Tillett na Thomas Francis waliigundua New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Kwa kawaida kazi hiyo huisha baada ya siku chache, na mwili una njia zake za kuifunga. Tatizo huanza pale kichocheo kisipoondoka: moshi unaovutwa kila siku, kijidudu kisichokwisha, fizi zinazooza, au mafuta yaliyojaa tumboni. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Boston walionyesha kwamba mafuta ya wanyama wanene hutoa TNF, na kwamba kemikali hiyo inazuia insulini kufanya kazi yake. Tangu hapo kitambi hakikuweza tena kuhesabiwa kuwa akiba iliyolala tu. Kinazungumza na mwili mzima, na yale kinayosema huandaa njia ya kisukari.

Swali lililowasumbua watafiti kwa miaka ishirini ni kama mchochota unasababisha magonjwa ya moyo au unaandamana nayo tu. Paul Ridker na wenzake walionyesha mwaka 1997 kuwa wanaume wazima wenye CRP ya juu walipata baadaye mshtuko wa moyo na kiharusi kuliko wenzao, lakini mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Ushahidi mzito ulikuja 2017 katika jaribio la CANTOS. Wagonjwa 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo waligawanywa. Baadhi walichomwa canakinumab, dawa inayozuia interlukini-1 beta bila kugusa kolesteroli, wengine sindano isiyo na dawa. Waliopata kipimo cha miligramu 150 walipungukiwa na matukio ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo mchochota ni sababu, walau moja kati ya nyingi. Ila jaribio hilohilo lilionyesha jambo ambalo wauza vidonge hawalitaji: waliopata dawa walikufa kwa maambukizi zaidi ya wale wasioipata, na jumla ya vifo haikupungua. Mlinzi akifungwa mikono, wezi wa aina nyingine huingia. Matokeo hayo yalipatikana katika kundi la wagonjwa waliokuwa chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari. Katika kata ambayo malaria, kifua kikuu na homa za mtoto bado ni habari za kila msimu, kuudhoofisha mchochota kwa jumla bila kuchagua ni kamari mbaya zaidi.

Wapo wanaosema basi tupimwe sote CRP ili tujue nani yuko hatarini. Kwa New York au Uholanzi pendekezo hilo lina mantiki, maana huko mtu asiye na homa mwenye CRP ya juu huwa na sababu chache zinazojulikana. Kwa Ihanja, CRP ni kama mbwa anayebweka usiku: anakwambia kuna kitu nje ya boma, lakini hakwambii kama ni fisi, mwizi au jirani aliyechelewa kurudi. Utafiti wa vinasaba umeonyesha pia kwamba watu waliozaliwa na CRP ya juu kidogo kwa kurithi hawaugui moyo zaidi, jambo linaloashiria kuwa protini hiyo ni taarifa tu na mhusika yuko kwingine. Kisha kuna habari ya Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msitu wa Amazon, iliyochapishwa 2017. Nusu ya watu wazima 705 waliopimwa walikuwa na CRP ya juu, kwa sababu ya minyoo na maambukizi mengine. Hata hivyo asilimia 85 hawakuwa na dalili yoyote ya ugumu wa mishipa ya moyo, na watafiti walitangaza kwamba hawajapata kuona jamii yenye mishipa safi kiasi hicho. Kolesteroli yao mbaya ilikuwa ya chini, hawakuwa wanene, na walitembea sana. Mchochota peke yake, bila kolesteroli, sukari, shinikizo la damu na sigara, haukuwaziba mishipa. Mtu anayesema mchochota ndio mzizi wa kila kitu lazima ajibu hoja ya Watsimane kabla hajauza kopo lake.

Hilo halimaanishi kwamba mchochota wa maambukizi hauna madhara. Madhara yake yako kwingine, na kwetu ni makubwa kuliko ya kitambi. Chukua mafindofindo ya mtoto. Bakteria wa koo wasipotibiwa, kinga ya mwili wa baadhi ya watoto hukosea shabaha na kuanza kuzishambulia valvu za moyo. Mwaka baada ya mwaka valvu hukakamaa, na binti wa miaka ishirini hugundulika siku ya kujifungua kwamba moyo wake hauwezi kubeba mimba. Huu ni mchochota sugu kwa maana halisi kabisa, na hauhitaji chakula cha ajabu. Unahitaji penisilini. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo zinazoonekana kwa kipimo cha moyo tu waligawanywa. Nusu walichomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa. Kwa wasiochomwa ilikuwa asilimia 8.2. Ni nadra katika tiba kukuta tofauti ya mara kumi kwa dawa ya zamani namna hiyo, ambayo bei yake haifikii hata chembe ya bei ya canakinumab.

VVU vinatoa somo la namna hiyohiyo. Hata virusi vikifubazwa, mchochota wa chini kwa chini hubaki, na ndiyo maana watu wanaoishi navyo hupata magonjwa ya moyo mapema kuliko wenzao. Jaribio la SMART, lililochapishwa 2006, lilikuwa limewaruhusu wagonjwa kusimamisha dawa kwa vipindi ili kuupumzisha mwili. Likakatizwa kwa sababu waliosimamisha walikufa zaidi, vifo vichache tu vikiwa vya magonjwa nyemelezi, na walipata zaidi magonjwa makubwa ya moyo, ini na figo. Mwaka 2023 jaribio la REPRIEVE, lenye washiriki 7,769 na Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizohusika, lilionyesha kwamba kidonge cha jamii ya statini, dawa za kupunguza kolesteroli, kilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu wenye VVU. Anayemwambia mwenye VVU aache dawa ili asafishe damu kwa mizizi anamrudisha kwenye mchochota ule ule anaodai kuuondoa.

Utumbo wa mtoto ni habari ngumu zaidi, kwa sababu hapo hakuna sindano. Haydom, wilayani Mbulu, si mbali na mpaka wa Singida na Manyara, ilikuwa moja ya vituo vinane vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Ilionekana kwamba watoto hubeba vijidudu vingi tumboni hata wasipoharisha, na ukuta wa utumbo wao, ukiwa na mchochota usiokoma, hushindwa kufyonza chakula na kuacha vipande vya bakteria vipite kuingia kwenye damu. Udumavu ambao huwa tunaulaumu uji mwepesi kwa ajili yake una mkono huo pia. Watafiti wa Haydom walijaribu njia ya mkato: watoto 1,188 waligawanywa, baadhi wakapewa dawa za kuua vijidudu, au vitamini ya jamii ya B3, au vyote, na wote wakafuatiliwa hadi umri wa miezi 18. Urefu wa waliopewa haukutofautiana na wa wasiopewa. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa wananchi klorini ya maji, vyoo vilivyoboreshwa na vituo vya kunawia mikono. Watoto hawakurefuka kwa hayo, waliopewa lishe ya nyongeza ndio waliorefuka kidogo. Baadhi ya watu waliyasoma matokeo hayo wakasema usafi hauna maana. Mimi nayasoma kinyume. Chupa ya klorini na shimo lenye sakafu ya zege havitoshi pale kuku wanapolala jikoni na maji yanapochotwa kwa ndoo kutoka lambo. Ulaya ilipata utumbo safi kwa bomba ndani ya nyumba na mabomba ya majitaka, wala haikuupata kwa vipeperushi. Kiwango hicho cha maji ndicho kinachostahili kudaiwa Ikungi, hata kama ni ghali.

Moshi unafuata. Nyumba za jadi za Wanyaturu, tembe zenye paa bapa la udongo, zilijengwa kuzuia joto, baridi na wezi wa mifugo, si kutoa moshi, na jiko la mafiga matatu limehamia nalo ndani ya nyumba nyingi za bati. Chembe ndogo za moshi hufika mwisho wa pafu, chembe nyeupe huzimeza zisiweze kuziyeyusha, na kemikali za mchochota humwagika hadi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 vilivyotokana na moshi wa majumbani duniani mwaka 2020. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo zuri, ila ukweli wote usemwe: jaribio kubwa la HAPIN, lililohusisha takriban wajawazito 3,200 katika nchi nne, Rwanda ikiwamo, na kuwapa gesi karibu nusu yao, lilipunguza moshi sana lakini halikuongeza uzito wa watoto waliozaliwa wala kupunguza nimonia kali. Huenda gesi iliingia kwa kuchelewa, baada ya mimba kukua, au jirani aliendelea kuchoma kuni. Kwa mama ambaye amevuta moshi miaka thelathini sababu za kumwondolea moshi zinabaki zilezile, macho, kikohozi na pumzi. Ila asiahidiwe miujiza ya mwaka mmoja, kwa maana ahadi ya uongo ndiyo inayorudisha mtungi wa gesi uvunguni.

Sasa upande mpya, na hapa ushahidi umetoka nyumbani. Mwaka 2021 Godfrey Temba na wenzake wa hospitali ya KCMC, mjini Moshi, na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachunguza Watanzania wazima 323 wa Kilimanjaro, wa mjini na wa vijijini. Wa mjini, ingawa hawakuwa wagonjwa, walikuwa na dalili za mchochota zaidi, na tofauti kubwa ilielekea kwenye chakula. Wakosoaji waliuliza, kwa haki, kama si kelele za mji, moshi wa magari au kukaa kitini. Kundi hilohilo likajibu kwa jaribio lililochapishwa Aprili 2025. Vijana wa kiume 77 waligawanywa: wa kijijini 23 walilishwa kwa wiki mbili vyakula vya kisasa kama soseji, mkate mweupe na chipsi, wa mjini 22 walilishwa vyakula vya asili vya Kilimanjaro, ndizi, maharage, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa, 22 wengine walikunywa mbege kwa wiki moja, kumi walibaki na mlo wao. Waliohamia chakula cha kisasa waliongezeka uzito, protini za mchochota zikapanda kwenye damu, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na waliokunywa mbege, mchochota ulishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Matokeo hayo yasibebeshwe mzigo yasioweza kuubeba. Ni wanaume 77 tu, vijana, kwa wiki mbili. Kilichopimwa ni damu, si mshtuko wa moyo wala kisukari. Mbege nayo ni pombe, na atakayeutumia utafiti huu kuhalalisha lita tatu kila jioni amejitafutia hoja. Lakini yanaoana na mengine. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Waafrika ishirini wa vijijini Afrika Kusini na Wamarekani weusi ishirini: Wamarekani waliokula nyuzinyuzi nyingi walipungukiwa na mchochota wa utumbo mpana, Waafrika waliokula nyama na mafuta mengi ulipanda. Nyuma zaidi, Denis Burkitt na Hugh Trowell, madaktari waliofanya kazi Uganda, walikuwa wamekwisha kushangaa kwa nini hospitali zao zilijaa maambukizi huku magonjwa yaliyoijaza Uingereza yakikosekana, wakaelekeza kidole kwenye nafaka iliyokobolewa. Hawakuwa na maelezo ya ndani. Sasa tunayo: bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa tindikali fupi, hasa butireti, ambayo huulisha ukuta wa utumbo na kuzituliza chembe za kinga. Ukikosa nyuzinyuzi, bakteria hao hukosa chakula.

Ihanja haina haja ya kuagiza ndizi za Kilimanjaro. Ugali wa mtama au uwele, mlenda, kunde, majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi, karanga, maziwa ya mgando, uji uliochachushwa: hiyo ni sahani yenye nyuzinyuzi, protini ya mimea na vyakula vilivyochachuka, na imekuwapo kabla ya neno mchochota kuingia kwenye simu. Kinachoiondoa ni sembe nyeupe, sukari ya chai mara tatu kwa siku, soda, maandazi na chipsi za stendi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta robo ya Watanzania wazima wana shinikizo la damu na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana sukari ya juu. Ule wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene; wa 2022 ukakuta zaidi ya theluthi. Mwenendo uko wazi na hauishii Dar es Salaam.

Pingamizi la kwanza ni la haki: wazee waliokula mtama walikufa mapema. Walikufa kwa malaria, kwa uzazi, kwa njaa, na wengine hawakufika umri wa kupata kiharusi. Anayeusifu mlo wa zamani bila kulitaja hilo anauza ndoto. Tena mtama una kazi: ndege kwelea kwelea humaliza shamba kwa siku chache, watoto hutolewa shuleni kuwafukuza, na mwanamke aliyetwanga na kusaga tangu utoto ana haki ya kuipenda mashine. Sembe ilishinda kwa sababu ni laini, inahifadhika na haina aibu ya umaskini. Halafu kuna sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu, na kukoboa hupunguza sehemu ya sumu hiyo. Kumwambia mtu ale dona ya mahindi yaliyolala kwenye unyevu ni kumpa nyuzinyuzi na sumu ya ini kwa kijiko kimoja. Kwa hiyo ushauri wa kula nafaka isiyokobolewa haukamiliki bila turubai la kuanikia, mifuko isiyopitisha hewa na mtama unaonunuliwa kwa bei inayolipa. Hayo yote yanahusu kilimo na masoko, na afisa lishe mwenye bango hawezi kuyamaliza.

Mafuta ya alizeti yanahitaji kujibiwa peke yake, maana hapa hofu inagusa mfuko wa mkoa mzima. Hoja ya wanaoyapinga ni kwamba tindikali ya linoleiki iliyojaa ndani yake hubadilishwa mwilini kuwa kemikali za mchochota. Kwenye karatasi hoja hiyo inapendeza. Kwenye damu za watu haionekani: majaribio yaliyoongeza linoleiki kwenye mlo yalipokusanywa na kupitiwa, CRP na alama nyingine hazikupanda. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha tafiti 30 za nchi mbalimbali wakakuta wenye linoleiki nyingi mwilini walipata magonjwa ya moyo na kiharusi pungufu. Sumu iko kwenye karai la mkaanga chipsi, mafuta yaleyale yakichemshwa juma zima hadi yawe meusi, na iko kwenye wingi, maana kijiko cha mafuta ni nishati nyingi kwa mtu ambaye hafanyi kazi ya jembe tena. Mkulima wa Ihanja anaweza kula alizeti yake bila hofu. Aipime kwa kijiko, asiichemshe mara ya nne.

Kuhusu mwendo sina mengi. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wako Mkalama hukuhuku Singida, hufanya kazi ya kutokwa jasho kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, na shinikizo la damu kwao ni nadra hata uzeeni. Msuli unaofanya kazi hutoa kemikali zake zinazopunguza mchochota, na kupunguza kitambi humaliza sehemu nyingine. Mkulima wakati wa kupalilia hahitaji kuhubiriwa mazoezi. Anayehitaji ni mwenye duka, dereva wa bodaboda, mwalimu, na mkulima huyohuyo miezi ya kiangazi. Sigara na ugoro havina mjadala. Meno yanayotoa damu yatibiwe, ni mchochota wa kila siku unaobebwa mdomoni.

Bado kuna pingamizi la mwisho, la mtu anayeumwa magoti usiku huu na asiyeweza kusubiri bomba la maji wala bei ya mtama: kwa nini asinywe dawa ya kutuliza mchochota? Anywe, kwa siku chache na kwa ushauri. Zaidi ya hapo historia inaonya. Dawa ya Vioxx ilitengenezwa mahsusi kutuliza mchochota bila kuumiza tumbo. Iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu iliongeza mishtuko ya moyo. Diklofenaki, inayouzwa karibu kila duka la dawa, iko karibu nayo kwa hatari ya moyo, na juu yake huchoma tumbo na kulemea figo za mwenye shinikizo. Prednisoloni na deksamethasoni huondoa maumivu kwa haraka inayoshangaza, na ndiyo sababu hupendwa. Zikinywewa kwa miezi hupandisha sukari, hulainisha mifupa, huamsha kifua kikuu kilicholala, na zikikatwa ghafla zinaweza kuua. Vidonge vya manjano navyo si salama kwa sababu tu manjano ni ya jikoni: ripoti za watu walioharibika ini kwa kuvitumia zimechapishwa Italia na Marekani. Manjano kwenye pilau hayana shida, ila hayatibu chochote.

Kwa fedha zilizopo, mpango wa Ikungi ungeanza na vitu visivyotajwa kwenye ujumbe wa simu. Kila zahanati iwe na kipimo cha shinikizo la damu kinachofanya kazi, vipimo vya sukari visivyoisha katikati ya mwezi, na benzathini penisilini. Maji yafike karibu na nyumba. Mashine ya kupima CRP kwa ajili ya moyo isubiri. Leo hii majibu yake yangemtuma mtu mwenye malaria kwa daktari wa moyo. Wewe unayesoma ukiwa na miaka arobaini na zaidi, pima shinikizo mwezi huu hata kama huumwi. Mtoto akilia koo na homa, mpeleke zahanati kabla ya kumpa asali. Na kama duka limekuuzia prednisoloni kwa ajili ya mgongo ukaizoea kwa miezi, usiiache leo kwa hasira: nenda nayo kituo cha afya, wakupunguzie taratibu.